Mzigo, Matumizi na Mlaji: Kutafuta Sababu ya Prosesa Kulemewa katika Eneokazi la Linux

Kompyuta inapoanza kwenda polepole, feni yake ikavuma bila kupumzika na kishale cha skrini kikawa hakifuati tena mkono, watumiaji wake huwa na maneno mengi ya kulieleza jambo hilo. Mmoja husema kompyuta "imejaa", mwingine "imechoka", wa tatu "imekwama", na wa nne "inachemka". Kwa msikilizaji wa kawaida maneno hayo manne yaweza kuwa na maana moja. Kwa fundi ni dalili nne mbalimbali: kujaa ni jambo la kumbukumbu au la diski, kuchoka ni wingi wa kazi, kukwama ni kungojea kitu kisichokuja, na kuchemka ni joto. Dawa ya moja haiponyi nyingine, na mara nyingine huizidisha.

Makala haya yahusu dalili moja tu, nayo ni prosesa kutumika kupita kiasi katika kompyuta ya mezani inayoendeshwa kwa Linux. Jambo kuu linaloelezwa humu ni kwamba programu inayoonekana kuishika prosesa si lazima iwe ndiyo iliyoileta kazi. Aghalabu ni mtumishi anayetimiza haja ya mwingine. Basi mtu anayeiua programu kwa kuiona tarakimu yake tu huweza kumwadhibu mtumishi na kumwacha bwana, na maandishi yaliyokuwa hayajahifadhiwa yakapotea pamoja naye.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, mikusanyo ya maandishi wanayoiweka, yenye maelfu ya mafaili ya hadithi, mashairi, orodha za maneno na picha za miswada, ndiyo hasa ile inayoweza kuifanya kompyuta ihangaike. Pili, Kiswahili kimekwisha kuingia katika programu za huria: mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, tafsiri iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu hapo haja ya istilahi haikukoma. Istilahi iliyochaguliwa vibaya haiishii katika kamusi. Humfanya msomaji atafute ugonjwa mahali usipo.

MANENO YA MSINGI

Prosesa ni kile kipande cha kompyuta kinachotekeleza amri kwa kasi kubwa mno. Prosesa za siku hizi huwa na viini kadhaa, na kila kiini hufanya kazi karibu kama prosesa kamili, hata kompyuta yenye viini vinne yaweza kutekeleza mambo manne kwa wakati mmoja. Programu iliyokwisha kuanza kazi huitwa mchakato, na kila mchakato hupewa nambari yake. Programu moja yaweza kuwa na michakato mingi. Kivinjari cha intaneti, kwa mfano, huanzisha mmoja baada ya mwingine kadiri kurasa zinavyofunguliwa.

Kerneli ni sehemu ya mfumo inayosimama kati ya michakato na mashine yenyewe. Hiyo ndiyo hasa iitwayo Linux, iliyotangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kerneli huigawia michakato muda wa prosesa kwa vipande vidogo sana, na kwa ajili hiyo programu nyingi huonekana kwenda pamoja hata pale viini vilipo vichache.

Juu ya kerneli hukaa eneokazi, yaani mkusanyo wa programu zinazochora madirisha na menyu na kupokea matakwa ya mtumiaji. Yanayojulikana zaidi ni KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, na GNOME, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena mwaka 1997. Yafaa ikumbukwe kwamba eneokazi si programu moja. Ni kama nyumba yenye watumishi wengi: mmoja huchora, mwingine hushughulikia sauti, wa tatu hutazama kama kuna matoleo mapya, wa nne huyaorodhesha mafaili. Mwenye nyumba huwaona wachache tu, walakini wote hula chungu kimoja.

VIPIMO VIWILI

Kosa la kwanza hutokea katika kuchanganya vipimo viwili, yaani matumizi na mzigo.

Matumizi ni sehemu ya muda ambayo prosesa ilikuwa ikifanya kazi. Kerneli huuhesabu muda huo, kwa kawaida katika mia za sekunde, na kuuonyesha katika faili iitwayo /proc/stat. Programu za kupimia huisoma hesabu hiyo mara mbili, zikatoa ya kwanza katika ya pili, na tofauti huonyeshwa kwa asilimia. Prosesa iliyofanya kazi nusu ya muda huo ina matumizi ya asilimia 50.

Mzigo ni kitu kingine. Ni hesabu ya michakato inayofanya kazi pamoja na ile inayongoja zamu. Wastani wake ni kipimo cha zamani, maana mwaka 1973 tayari ulikuwa ukiripotiwa kwa kompyuta zilizotumia mfumo wa TENEX. Linux hutoa tarakimu tatu, za dakika 1, dakika 5 na dakika 15. Tarakimu hizo si wastani wa kawaida, kwa kuwa hupanda na kushuka taratibu: mchakato mmoja ukianza kufanya kazi mfululizo katika kompyuta iliyokuwa imetulia kabisa, baada ya dakika moja tarakimu ya kwanza huwa karibu na 0.63, wala si 1.00.

Tena, tangu mwaka 1993 Linux huingiza katika hesabu hiyo michakato iliyosimama ikingoja diski au kitu kama hicho, kwa namna isiyoweza kukatizwa. Matokeo yake ni ya ajabu kwa asiyejua. Kompyuta yenye viini vinne yaweza kuonyesha mzigo wa 6.00 hali prosesa yake karibu yote imelala, kwa sababu michakato sita inangojea diski ya mtandao isiyojibu. Kinyume chake, programu moja iliyoingia katika mzunguko usiokwisha yaweza kukishika kiini kimoja chote, feni ikavuma saa nzima, na mzigo usizidi sana 1.00, wala matumizi ya jumla yasizidi sana asilimia 25.

Hapa ndipo neno la Kiswahili linapohitaji uangalifu. Mzigo ni kitu kilichokwisha kutwikwa. Anayesikia "mzigo wa prosesa" hufikiri juu ya kile ambacho prosesa imekibeba, lakini kipimo chenyewe huwahesabu pia wanaosubiri, na katika Linux hata wanaosubiri mlango mwingine kabisa. Neno "foleni" lingekaribia zaidi maana hiyo. Kwa kuwa "mzigo" umekwisha kuenea, si lazima uondolewe. La lazima ni kwamba mwandishi asiutumie mahali pa "matumizi", wala "matumizi" mahali pa "mzigo".

KUSOMA DIRISHA LA TOP

Kila eneokazi lina programu yake ya kuiangalia mashine, yenye michoro na rangi. Hata hivyo chombo kinachopatikana karibu kila mahali ni amri iitwayo top, inayoandikwa katika terminali. Eneokazi likiwa limekwama hata terminali haifunguki, mara nyingi yawezekana kubonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, ukafunguka ukurasa wa maandishi matupu ambapo mtumiaji huweza kuingia na kuiandika amri hiyo.

Katika mistari ya juu ya top kuna mmoja unaougawa muda wa prosesa mafungu, na kila fungu hutajwa kwa herufi mbili. Fungu la us ni kazi ya programu za kawaida. La sy ni kazi ya kerneli. La ni ni kazi ya programu zilizowekwa katika daraja la chini la upendeleo. La id ni mapumziko. La wa ni mapumziko yenye sababu, yaani prosesa haina la kufanya kwa kuwa diski haijaleta kilichoombwa. Mafungu ya hi na si ni muda wa kuitikia miito ya vifaa na kazi zinazofuatana nayo. Basi kabla ya kuitafuta programu yoyote kwa jina, mstari huo umekwisha kusema mengi: us ikiwa kubwa, mlaji atafutwe katika programu, sy, hi au si ikiwa kubwa, atafutwe katika kerneli na vifaa, wa ikiwa kubwa, itazamwe diski, maana prosesa haina kosa.

Chini ya hapo hufuata orodha ya michakato, unaotumia zaidi ukitangulia. Asilimia zake huhesabiwa kwa kiini kimoja, kwa hiyo programu inayotumia viini vinne vizima huandikiwa 400, na hilo si kosa la hesabu. Kitufe cha 1 huonyesha kila kiini peke yake, na kitufe cha c huonyesha amri nzima iliyouanzisha mchakato. Hiki cha pili chafaa sana, maana jina fupi kama python3 halimwambii mtu kitu mpaka ijulikane python3 inaendesha nini.

Amri nyingine iitwayo ps nayo hutoa asilimia, lakini yake ni ya maisha yote ya mchakato tangu ulipoanza. Mchakato uliolala siku nzima ukaamka dakika hii na kuanza kula kwa pupa, top itauandika 100 na ps itauandika karibu na 0. Mmoja hueleza saa iliyopo, mwingine hueleza tabia ya maisha. Mchunguzi azitumie zote mbili, akijua ipi yajibu swali gani.

MTUMISHI WA FAHARASA

Mfano wa kwanza wampata zaidi mtu mwenye maandishi mengi. Maeneokazi makubwa yana mtumishi anayeyasoma mafaili ya mwenye kompyuta na kuyatengenezea faharasa, ili atakapotafuta neno alipate mara moja. Katika KDE mtumishi huyo ni Baloo, aliyeshika nafasi ya Nepomuk mwaka 2014, na katika orodha ya top huonekana kwa majina ya baloo_file na baloo_file_extractor. Katika GNOME aliitwa Tracker, akionekana kama tracker-miner-fs-3, na mwaka 2024 akapewa jina la LocalSearch.

Mtafiti akinakili mafaili 40,000 ya mkusanyo wake katika kompyuta mpya, mtumishi huyu ataamka na kuanza kazi. Prosesa itapanda, na feni itavuma. Hapo hapana ugonjwa, ila kazi iliyoombwa. Tena mtumishi huyu huwekwa katika daraja la chini la upendeleo, hata programu nyingine ikihitaji prosesa yeye huipisha. Kiini chaweza kuonekana kimeshikwa chote na mtumiaji asipate taabu yoyote katika kuandika. Kinachopungua ni umeme wa betri na utulivu wa chumba. Dawa hapo ni kungoja.

Ugonjwa ni pale kazi isipokwisha. Sababu zake aghalabu ni mbili. Ya kwanza ni faili moja inayomshinda mtumishi, kama hati ya PDF iliyoharibika au faili la maandishi lililo kubwa mno. Mtumishi hulianza, hushindwa, kisha hulianza tena. Katika KDE amri ya balooctl monitor, ambayo katika Plasma 6 ya mwaka 2024 imekuwa balooctl6 monitor, hutaja faili linalosomwa wakati huo, na jina likirudi mara kwa mara mkosaji amejulikana. Sababu ya pili ni programu nyingine inayoandika upya faili kubwa kila baada ya muda mfupi ndani ya folda yenye faharasa. Kila likiandikwa limekuwa jipya, na kila lililo jipya sharti lisomwe. Hapo top itamtaja mtumishi wa faharasa siku zote, wala haitaitaja ile programu inayoandika, kwa kuwa yenyewe haitumii prosesa nyingi. Mwenye kumfukuza mtumishi atakuwa ameondoa malalamiko tu, na uwezo wa kutafuta maneno katika mkusanyo wake atakuwa ameupoteza. Mwenye kuitoa folda hiyo katika faharasa atakuwa ameponya. KDE huruhusu jambo hilo katika mipangilio ya utafutaji. Katika Tracker yatosha kuweka ndani ya folda faili tupu liitwalo.trackerignore.

MCHORAJI WA SKRINI

Mfano wa pili ni wa yule anayechora. Katika GNOME mchoraji ni gnome-shell. Katika KDE kazi hiyo imegawanywa, kwin ikiyapanga madirisha na plasmashell ikitunza paneli na vilivyomo. Mchoraji akionekana kileleni mwa orodha, swali la kwanza ni nani anayemtaka achore. Dirisha lenye picha inayocheza bila kukoma, hata ikiwa ndogo kama tangazo pembeni mwa ukurasa, humlazimisha atengeneze skrini tena na tena. Funga madirisha moja moja, na tarakimu itakapoanguka, bwana amejulikana.

Swali la pili ni la viendelezi. Viendelezi vya GNOME, vile vinavyoongeza saa, hali ya hewa au kipimo cha joto juu ya skrini, hufanya kazi ndani ya gnome-shell yenyewe. Kwa hiyo kiendelezi kibaya hakionekani kwa jina lake katika top, na lawama yote huangukia mwenyeji wake. Ni hivyo pia kwa vijalizo vingi vya plasmashell. Njia ya kujua ni kuvizima vyote, kisha kuviwasha kimoja kimoja. Njia nyingine, iliyo nzuri zaidi, ni kuanzisha mtumiaji mpya katika kompyuta ileile na kuingia kwa jina lake. Ugonjwa usipoonekana kwake, basi umo katika mipangilio ya mtumiaji wa kwanza, wala hapana haja ya kuuweka upya mfumo mzima. Watu wengi hupoteza siku nzima kwa kutolijua jambo hili dogo.

Swali la tatu ni la kadi ya grafiki. Kiendeshi chake kikikosekana, Linux haiiachi skrini ikiwa nyeusi. Hutumia programu iitwayo llvmpipe, ambayo huifanya prosesa ichore yale ambayo kadi ingepasa kuyachora. Mambo yote huonekana sawa, ila mazito. Ukurasa wa mipangilio unaoeleza habari za kompyuta hutaja kifaa cha kuchorea. Likionekana hapo jina la llvmpipe katika kompyuta yenye kadi nzuri, mlaji amepatikana, naye hakuwa katika orodha kamwe. Dawa ni kukipata kiendeshi, wala si kubadili eneokazi.

KERNELI YENYEWE

Mfano wa tatu ndio unaowatisha wengi, kwa sababu majina yake hayafahamiki. Huonekana mchakato uitwao kworker, wenye tarakimu na alama nyuma yake, umeshika kiini kizima. Kworker si programu ya mtu. Ni kibarua wa kerneli, anayepewa kazi ndogo ndogo zilizoahirishwa na sehemu nyingine. Kuuawa hauawi, na jina lake halisemi kazi ni ya nani. Ushahidi hutafutwa kwingine. Faili /proc/interrupts huorodhesha miito ya vifaa, yaani kila mara ambapo kifaa kimeigutua prosesa ili kishughulikiwe. Lisomwe mara mbili kwa kupisha sekunde kumi: mstari ulioongezeka kupita yote ndio wa kifaa kinachopiga kelele. Yaweza kuwa ni kifaa kibovu, au sehemu ya kuongozea umeme inayopeleka habari ileile maelfu ya mara. Kikijulikana kifaa, huweza kuchomolewa, au kiendeshi chake kubadilishwa.

Lakini mfano unaolithibitisha zaidi jambo la makala haya ni wa mchakato uitwao kidle_inject. Katika baadhi ya kompyuta zenye prosesa za Intel, michakato ya jina hilo huweza kutokea ghafla, mmoja kwa kila kiini, kila mmoja ukiandikiwa hadi asilimia 50. Mtu akiitazama orodha hana shaka kwamba amewapata wezi. Kumbe hali ni kinyume kabisa. Hiyo ni kazi ya sehemu ya kerneli iitwayo intel_powerclamp, iliyoingizwa mwaka 2013 katika toleo la 3.9, na kusudi lake ni kuipumzisha prosesa kwa nguvu ili ipoe. Muda ambao top yauandika kuwa umeliwa ni muda ambao prosesa imelazimishwa kulala. Kompyuta ni nzito kweli, ila ni nzito kwa kuwa ina joto, na joto aghalabu limetokana na vumbi lililoziba njia ya hewa au feni iliyochakaa. Mwenye kuiondoa sehemu hiyo ya kerneli, kama wengine wanavyofanya, ataiona kompyuta ikiwa nyepesi kwa muda, kisha joto litapanda hata mashine ijizime yenyewe. Dawa ilikuwa brashi ndogo ya kufagilia vumbi.

MAJINA YANAYOPOTOSHA

Mbali na tarakimu, majina nayo hupotosha, na hili ni la watafsiri zaidi kuliko mafundi. Katika mistari ya juu ya top huhesabiwa michakato iitwayo zombi. Anayelisikia jina hilo humdhania kuwa ni mzuka unaonyonya nguvu za mashine. Kwa kweli zombi ni mchakato uliokwisha kufa, uliobakiwa na jina lake daftarini kwa sababu mchakato uliouzaa haujapokea habari za kifo chake. Hautumii prosesa hata kidogo, wala hauuliki, kwa kuwa hakuna kilicho hai cha kuuawa. Zombi wakiwa wengi ni dalili ya uzembe wa mzazi, naye ndiye wa kuangaliwa. "Mchakato mfu" lingekuwa jina la kweli na lisilo na vitisho.

Hali kadhalika watumishi wanaofanya kazi nyuma ya pazia huitwa kwa Kiingereza jina linalofanana na la pepo. Jina hilo lilianza katika Project MAC ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, nalo halikutoka katika imani ya mashetani. Lilitoka katika fizikia, katika mfano wa James Clerk Maxwell wa kiumbe mdogo wa kuwaziwa anayezitenga chembe bila kuchoka. Mtafsiri akiandika "shetani" atakuwa amefuata sauti na kuiacha maana. "Mtumishi" latosha, na lina faida ya ziada: humkumbusha msomaji kwamba nyuma ya kila mtumishi yupo anayetumikiwa.

MPANGO WA TIBA

Sababu ikiisha kujulikana, tiba ifuate kwa ngazi, ile nyepesi itangulie. Ngazi ya kwanza ni kungoja, maana kazi nyingi zina mwisho. Ya pili ni kuushusha mchakato daraja kwa amri ya renice. Madaraja hayo huanzia -20, lililo la juu, mpaka 19, lililo la chini, na mtumiaji wa kawaida huweza kuushusha mchakato wake bila idhini ya msimamizi. Mchakato ulioshushwa hadi 19 huendelea na kazi yake, lakini huwapisha wengine.

Ngazi ya tatu ni kuusimamisha kwa ishara ya STOP na kuuendeleza baadaye kwa ishara ya CONT. Kwa njia hii mchunguzi hujaribu bila kuharibu: akiusimamisha mchakato na kompyuta ikatulia, amethibitisha dhana yake, isipotulia, huuendeleza na kutafuta mwingine. Sharti moja ni kwamba mchoraji wa skrini asisimamishwe kamwe, kwani skrini itaganda pamoja naye.

Ngazi ya nne ni kuuomba mchakato uondoke, kwa ishara ya 15 iitwayo TERM. Mchakato ulioundwa vizuri, ukipata ishara hiyo, hufunga mafaili yake kwanza. Ya mwisho ni ishara ya 9, iitwayo KILL, ambayo mchakato hauwezi kuipokea wala kuikataa. Kerneli huuondoa hapo hapo. Maandishi yaliyokuwa katika kumbukumbu hupotea, na faili lililokuwa likiandikwa huweza kubaki nusu. Wengi huanza na hiyo tisa kwa kuwa ni ya haraka. Kwa mtu ambaye faili lake ni kazi ya miaka ya kukusanya maneno, haraka hiyo ina bei kubwa.

Kwa muhtasari, uchunguzi wote hukaa katika maswali manne, yanayoulizwa kwa mpangilio. Je, prosesa inafanya kazi kweli, au inangoja? Kama inafanya kazi, ni ya programu au ya kerneli? Ni mchakato gani ulioshika? Na mchakato huo unamfanyia nani kazi? Tarakimu hujibu matatu ya kwanza. La nne halimo katika dirisha lolote la top, nalo ndilo linaloamua kama kompyuta itapona au itanyamazishwa kwa siku mbili tatu tu.